Jani la Isale Nililopeleka Kilema

Siku niliyokabidhi funguo za kabati, mwenzenu aliyeshika nafasi yangu aliniuliza kama kuna kitabu kinachofundisha namna ya kuwaomba watu wakubwa vitu vikubwa. Nilimjibu kwamba hakuna, na hata kingekuwapo nisingekisoma, maana nilijiona najua. Ndipo mkaniomba nikiandike mwenyewe. Kitabu sikuweza, nimeweza kurasa hizi chache. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuja na kuondoka bila kunibadilisha sana. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya mzee mmoja wa Kilema ambaye nilimkosea wakati kila mtu ofisini alikuwa ananipongeza.

Nilianza mwaka uliofuata Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Marangu. Kituo cha utafiti wa kahawa kilikuwa kinatafuta mtu anayejua Kichagga, Kiswahili na Kiingereza, anayeweza kukaa na mkulima, padri na Mzungu kwa siku moja bila kumwaibisha yeyote. Barua ya ajira iliniita Afisa Wafadhili. Mke wangu aliisoma mara mbili, akauliza kama ina maana nitalipwa mshahara ili niombe. Nikamwambia ndiyo. Akasema waombaji wote anaowajua yeye hujitegemea.

Ofisi niliyopewa, huku mtaa wa Mawenzi, ilikuwa zamani stoo ya mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia mibuni. Kuta zilikuwa za bluu hadi usawa wa kiuno. Siku ya kwanza niliegemea ukuta nikimsubiri mkubwa, nikarudi nyumbani na kiwiko cha bluu. Kwa miaka miwili nilitambulika mjini kwa mashati yangu. Watu wengine waliniita Bwana Michango, na wenye ulimi mkali waliniita Mzee wa Bakuli kabla hata sijatimiza miaka thelathini na mitano.

Serikali ilitoa mishahara na mafuta kidogo ya gari. Vingine vyote, hadubini, jokofu la kutunzia chavua, mabanda ya miche, vilipaswa kutoka kwa mtu mwenye navyo. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta mtu huyo, kumfahamu, na kumfanya atake kutoa. Yatazameni maneno hayo matatu ya mwisho. Niliyaandika mwenyewe katika mwongozo wa ofisi na nilijivunia sana.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtaalamu. Alikuwa dereva wetu, Mzee Rajabu, mtu wa Majengo, aliyeendesha malori ya kahawa kabla ya kupewa Landrova ya kituo. Aliwajua matajiri wote wa wilaya kwa sababu aliwahi kusubiri nje ya nyumba zao. Aliniambia nisitaje shida yangu kabla ya ziara ya tatu. Nile ninachowekewa, hata kama nimeshiba. Nisisifu kitu chochote ndani ya nyumba, maana ukiisifu saa ya mtu atadhani umefuata saa. Niulize habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto, kwa sababu mtu akianza na watoto hamalizi. Na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mtu akikataa mara mbili, mshukuru uondoke, na usirudi na jambo lile mpaka akuite yeye.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Nilikuwa na mkoba wa ngozi, kioo cha kukuzia, na kopo lenye buni zilizougua ili mfadhili aone adui kwa macho yake. Kila safari nilibeba pia miche miwili ya zawadi iliyofungwa kwenye maganda ya mgomba. Mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo niliibandika juu ya meza, na wageni wa ng'ambo walipotafsiriwa walicheka wakaandika kwenye vidaftari vyao.

Hadubini ile kubwa mliyo nayo tulipewa na mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini. Nilikunywa chai dukani kwake kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima, mpaka nikajua kwamba mama yake marehemu alipenda harufu ya maua ya mibuni. Siku hiyo nilimpelekea tawi lililochanua. Alilinusa, kisha akauliza chombo tunachokihitaji kinaitwaje. Jina la mama yake limebandikwa ubavuni mwa hadubini, na naomba msilibandue hata mkipaka rangi. Mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga virago naye alitupa jokofu. Niliandika barua ya shukrani ya kurasa mbili, nzuri kwelikweli, kisha tukalifungua sanduku tukakuta jokofu lenyewe halina mashine. Tangu hapo nafungua kwanza, nashukuru baadaye.

Halafu ikaja chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Ninyi mmeisoma katika ripoti, sisi tuliinusa. Buni zilikuwa zinageuka nyeusi zikiwa bado changa, zinakauka na kushikilia tawi, na mkulima anapita katikati ya mibuni yake kama mtu anayepita wodini. Wengine walipulizia dawa mpaka migongo ikapinda. Wengine walianza kung'oa. Kila mtu aliyeniona barabarani aliniuliza kama kituo kimepata kitu, nami nilijibu kwamba wataalamu wanahangaika.

Kitu chenyewe kilikuwa Kilema, juu ya misheni, kwa Mzee Melkiori. Alikuwa na mibuni kumi na minane kando ya mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka toka msituni, na mibuni hiyo haikuugua. Majirani zake wa kulia na kushoto walikuwa wanalia. Yake ilizaa kama kwamba haijasikia habari. Mkurugenzi wetu, Daktari mmoja wa ng'ambo, mwembamba, mchapakazi, mwenye Kiswahili alichojifunza kwa mpishi wake, aliiona mara moja tu akakosa raha. Alisema miti hiyo haitakiwi kuhamishwa wala kukatwa, bali itunzwe palepale kwa miaka mingi, na watoto wake wapandwe kuizunguka katika ukungu uleule. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa tayari kutujengea maabara na banda la vioo, kwa sharti kwamba kituo kimiliki ardhi hiyo. Walikuwa wanakuja baada ya wiki sita.

Ardhi hiyo ilikuwa nusu ya juu ya kihamba cha Mzee Melkiori. Kwa ambao si wa huku, kihamba si shamba tu. Ni migomba, mibuni, ng'ombe, nyumba, na makaburi ya waliotangulia. Baba hurithisha kihamba chake kwa mwana wa mwisho, aliyebaki naye kumtunza. Kwa Mzee Melkiori huyo alikuwa Aloisi, kijana mtu mzima aliyekwisha kuposa, na msingi wa nyumba yake ulikwisha kupimwa kulekule juu, karibu na kaburi la babu yake.

Nilifuata kanuni zote. Nilikwenda mara mbili kusalimia tu, na ya tatu nikaomba. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akasema ardhi si yake, yeye anamlindia Aloisi kama baba yake alivyomlindia yeye. Matawi tuje tuchukue tukitaka, tukimwomba. Ardhi hapana. Nilirudi baada ya wiki moja na habari za maabara, na jinsi wakulima wa mlima mzima watakavyopona. Akasema hapana tena, kwa maneno machache zaidi, akatukabidhi mkungu wa ndizi tupeleke nyumbani.

Garini Mzee Rajabu aliniambia, "Hizo ni mbili. Mzee amekukatalia kwa heshima. Ishia hapo."

Nikamwambia nimesikia. Kesho yake Mkurugenzi aliniuliza mzee huwa anakwenda gulioni siku gani, nami nikamtajia. Sikumuuliza anataka kujua kwa nini. Nilijua. Jumanne hiyo aliingia kihambani na wasaidizi wawili, wakakata matawi, wakachukua udongo, wakakanyaga na ule msingi uliopimwa. Mzee aliporudi alikuta vigingi vya msingi vimeng'olewa. Alituma ujumbe kupitia kwa katekista kwamba mtu wa kituo asikanyage tena kwake.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Mnajua isale, mmea ule wenye majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyemkosea mwenzake akienda kwake na isale mkononi, aliyekosewa hawezi kumfukuza. Atalipokea, atasamehe. Nimeona watu waliotaka kuuana wakilia pamoja kwa ajili ya jani hilo. Anayelikataa hutengwa midomoni mwa watu na watoto wake husemwa. Nilikata kilele cha isale, majani pamoja na kijiti chake, katika mpaka wa baba yangu mwenyewe, nikapanda Kilema.

Mzee Melkiori aliniona toka mbali akasimama. Alilitazama lile jani muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha aliwaita majirani wawili wawe mashahidi, akalipokea kwa mikono miwili, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, katika kata moja. Alisema yamekwisha. Alikuwa ametulia kabisa, na nadhani alifurahi, maana hakuwa mtu wa kupenda ugomvi.

Ningeondoka hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini wafadhili walikuwa wamebakiza siku tisa. Nikaweka kata chini nikasema, mbele ya wale majirani, "Baba, kama umenisamehe kweli, usinirudishe mikono mitupu. Ile nusu ya juu, tupe."

Majirani waliangalia chini. Aloisi alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, hakusema kitu, kwa sababu mbele ya isale mwana hamsemei baba. Mzee aliitazama kata mpaka povu la mbege likakauka.

"Umekuja na isale," alisema. "Nikikataa sasa, watasema Melkiori alisamehe kwa mdomo. Haya, chukueni."

Nilimwahidi, na ahadi hii hakuidai, niliitoa mwenyewe kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kujisikia vizuri, kwamba miche ya kwanza itakayotoka kituoni itapandwa Kilema kabla ya mahali pengine popote, na ya kwanza kabisa itakuwa ya Aloisi. Aliitikia kwa kichwa. Siku ya kuweka mpaka alilichukua lile jani nililomletea, akalichomeka mwenyewe kwenye udongo mahali ardhi yake ilipoishia.

Kituoni tulichinja mbuzi. Wageni walikuja, wakapiga picha nimesimama na mzee kando ya mfongo. Mimi nacheka na yeye anatazama pembeni. Mzee Rajabu hakula mbuzi. Tuliporudi safari nyingine na kufika Himo ndipo aliposema kwamba yeye si mtu wa huku na nguvu ya majani yetu haijui, ila uso wa mtu aliyenyang'anywa anaujua, maana enzi za malori alisafirisha wengi wa namna hiyo. Nilikasirika. Nilimwambia aendeshe gari. Aliendesha, na hakunifundisha tena kitu mpaka alipostaafu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi. Amekwisha kufariki.

Sasa niwaambie yaliyofuata bila kuyapamba. Maabara ilijengwa. Aloisi alifunga ndoa, na kwa kuwa nusu ya chini ilimtosha baba na ng'ombe tu, alikwenda kutafuta kazi kule tambarare kwenye mashamba ya miwa. Alipanga chumba kambini pamoja na watu waliotoka mikoa ya mbali, na wao walimshangaa. Walikuja huku kwa sababu kwao hakuna ardhi, naye mtoto wa mlimani anatafuta nini? Mkewe alikaa huko mwaka mmoja, homa za bondeni zikamrudisha juu na mtoto.

Mkurugenzi alimaliza mkataba akarudi kwao. Hakuwa mtu mbaya, aliipenda ile mibuni kuliko watu wengi wanavyowapenda wake zao. Aliyefuata alikuwa mwenzetu, naye alikuwa na mipango yake, na wafadhili walikuwa wamehamia kwenye zao lingine katika nchi nyingine. Kila mwaka niliuliza miche ya Kilema itatoka lini. Kila mwaka nilijibiwa kwamba utafiti hauharakishwi. Ni kweli hauharakishwi. Lakini nilitambua kwamba nami nilikuwa nimeanza kulisema neno hilo kwa wengine, kwa sauti ileile.

Mzee Melkiori alifariki wakati wa masika. Aloisi alikuja ofisini kwangu na tope hadi magotini. Alinisalimia shikamoo kama kawaida, akaomba jambo moja. Baba yake alitaka kuzikwa karibu na baba yake mwenyewe, kule juu, ambako sasa ni ndani ya uzio wa kituo. Nilikwenda kwa mkurugenzi mpya. Akasema hilo ni eneo la utafiti la serikali, hawezi kuruhusu kaburi bila kibali cha wizara, tuandike barua. Niliiandika siku hiyohiyo. Maiti haisubiri barua ya Dar es Salaam. Wakamzika mpakani, karibu walivyoweza kufika, chini ya lile isale nililomletea, ambalo lilikuwa limeota likawa refu kunipita. Nilikwenda mazikoni. Nilisimama nyuma ya watu, na nilipokuja kutupa udongo nilishindwa kuangalia juu. Kibali kilifika baada ya miezi miwili, kimegongwa muhuri vizuri, kinaruhusu.

Miaka michache baadaye likaja agizo kwamba kila taasisi ijilishe. Kituo kilihitaji mahali pa kulima mahindi ya wafanyakazi. Mtu mmoja ambaye hakuwahi kusoma majalada alitazama ramani, akaona ekari chache za mibuni mizee huko Kilema. Iling'olewa kwa siku moja, yote kumi na minane. Nilipata habari ofisini nikiandika barua ya kumwomba mfadhili vyandarua vya kitalu. Nilipanda nikakuta mashina yamelazwa juu ya majani, na maua meupe bado yananukia. Mahindi yenyewe hayakupenda ukungu ule. Tulivuna magunia ya kuchekesha.

Mnaweza kusema si mimi niliyeng'oa. Nimejiambia hivyo miaka mingi na haijanisaidia. Wakurugenzi walikuja na kupita, wafadhili walipita, maagizo yalipita. Aliyekuwa na jani mkononi ni mimi. Najuta, na nalisema wazi ili asiwepo wa kunitetea. Mzee yule alikuwa na haki ya kukataa, nami nilimwendea na kitu kimoja tu duniani ambacho asingeweza kukikataa. Mwongozo wangu wa ofisi bado upo kabatini. Futeni yale maneno matatu.

Mwezi uliopita, nikiwa sina tena ofisi, nilikata isale mpakani kwetu nikapanda Kilema kwa miguu kuanzia barabarani. Aloisi amerudi nyumbani siku hizi, mgongo umemkataza miwa. Nilimkuta anapalilia mgomba karibu na kaburi la baba yake. Aliponiona aliacha jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja."

Alinipa kigoda. Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulipokea. Hakukasirika pia. Alilitazama, kisha akalitazama lile lililosimama juu ya kaburi, lenye matawi mengi sasa.

"Hilo ulishalileta hapa," alisema. "Baba alilipokea kwa sababu hakuwa na njia. Mimi sitaki kukusamehe kwa namna hiyo. Lirudishe kwako. Ukitaka kuja, njoo mikono mitupu. Siku nikikusamehe, iwe ni mimi nimetaka."

Nililirudisha. Nimelichomeka tena mpakani kwetu na linaelekea kushika. Tangu siku hiyo nimekwenda mara nne. Ananipa chai na mtori, ananiuliza habari za miguu yangu, namuuliza habari za ng'ombe. Jambo lenyewe hajaligusa, nami silitaji. Inaweza kuwa hatalitaja kamwe, na hiyo ni haki yake.

Jumatano nitapanda tena. Sitabeba kitu.